Washa

Ilitoka chini ya kanyagio la cherehani ya mama,
kati ya bolti na chuma,
nyeusi, imenata grisi ya miaka,
tundu katikati kama washa yoyote.
Nikaitupa kwenye kopo la misumari.
Ikalia.
Washa haziimbi hivyo.

Nikaisugua kwa majivu na ndimu
mlangoni petu, hapa Manyatta.
Kwanza likatokea taji, au nusu ya taji,
kisha pembe za ndovu zikilikumbatia tundu,
kisha mwaka: moja, tisa, tatu,
halafu kovu.

Mpwa wangu Hezron, anayejua bei ya kila kitu
na hajawahi kuuza chochote,
akasema kuna mwaka mmoja zilitoka chache.
"Ukiwa na ya mwaka huo, shangazi,
unanunua cherehani tatu za umeme na chenji inabaki."
Mwaka gani? Akakuna kichwa.
Unaishia na moja. Au saba. Moja, nadhani.
Usiku ule kiganja kikaanza kuniwasha.

Jumapili nikaipeleka Kibuye,
nimeifunga kwenye pindo la leso kama sadaka.
Nyuma ya wauza mitumba, Nyamweya fundi saa
akabandika kikombe chake cheusi jichoni.
Akaipima kwenye mizani ya vidani.
Akaiangusha juu ya kioo, akatega sikio.
Akaisogezea sumaku; haikushtuka.
"Ni ya kweli," akasema, moyo wangu ukaruka mtaro,
"lakini kweli si adimu. Hata mimi ni wa kweli."

Akaomba karatasi. Nikampa risiti ya unga.
Akaitandika juu, akapitisha penseli ubavuubavu,
na pale penye kovu kikasimama kijiti.
Moja!
Akageuza taa. Kijiti kikaota mkono.
Saba.
Akageuza tena. Nne iliyovunjika mguu.
"Mama, hii tarakimu iko kwenye taa,
haiko kwenye sarafu."
Kisha, huku akifuta kioo, bila kuniangalia:
"Nitakupa mia tano."

Fundi asiyejua, mia tano za nini?

Njiani nilijenga nyumba ya mabati,
nikalipa deni la chama, nikamnunulia mama meno.
Kufika Kondele nikaibomoa.
Kufika kwetu nilikuwa nachagua rangi ya madirisha.

Mama amekaa mbele ya cherehani,
sare thelathini na sita za shule kando yake, bado vipande,
na washa mpya ya shilingi tano imelegea,
kanyagio linalia kama bata.
"Umeipeleka wapi washa yangu?"
Nikamweleza: taji, pembe, moja, saba.
Akaichukua, akapitisha kidole juu ya kovu.
"Hapa ndipo nati inapokaa.
Baba yako aliifunga mwaka uliozaliwa.
Ilikuwa hainunui tena hata chumvi."
"Mwaka wake ulisomeka?"
"Nani angeusoma?"

Basi ni mguu wake.
Miaka arobaini na mmoja, kisigino, vidole, kisigino,
amekuwa akiufuta mwaka mmoja
ili alipe karo ya mingine.
Sitasema ni jambo zuri.
Pengine ameikanyaga ile nyumba ya mabati
mpaka ikawa vumbi la grisi.

Tumeirudisha. Nimeikaza mwenyewe,
nusu mzunguko tu, isikwaruzike zaidi.
Cherehani imenyamaza, inakula kitambaa.
Risiti ya unga nimeificha ndani ya Biblia.

Jana usiku stima imepotea,
anashona kwa tochi ya simu.
Mguu ukasita.
"Nyamweya alisema mia tano?"
"Mia tano."
Gurudumu likazunguka mara tatu, nne.
"Nimekumbuka," akasema.
"Ilikuwa moja."